Sifuri za Maalimu Idarus

"Nipeni punda wa Kismayu," Idarus alijigamba mbele ya watu, "nitamrudisha anapiga hesabu na kusema Kitaliani!"

Punda hakupewa. Alipewa vijana wa visiwani waliotaka kwenda chuo kikuu Mogadishu, awanoe kwanza hesabu na Kitaliani. Wataliani, waliokifadhili chuo hicho na kusomesha kwa lugha yao, nao walitaka kujua kama masomo hayo yanafaa kitu. Basi wakaweka mtihani siku ya kwanza na mwingine siku ya mwisho, kisha mkaguzi aangalie nani amepanda. Aliyepanda aende chuoni, asiyepanda abaki kwao. Na wakipanda wengi, Idarus aajiriwe ualimu moja kwa moja.

Sasa mkaguzi mwenyewe, Bwana Mahmoud, alikuwa ameketi ukumbini kwa Idarus, palepale walipokuwa wakisomea, na uso ameukunja.

"Huyu Famau wa Fuma, babake fundi wa mashua, na yeye hupima mbao kila siku. Mbona mtihani wa kwanza ameandika nusu ya kumi na mbili ni kumi na mbili?"

"Alikuwa gogo, bwana. Nimelichonga mimi."

"Wote walikuwa magogo?"

"Wote! Ila huyu." Idarus alimnyooshea kidole Hamidi wa Kudhaa, ndugu wa mkewe. "Huyu alikuja na tisa juu ya kumi, anaondoka na tisa juu ya kumi. Hajapanda hata unywele. Kichwa kimejaa ubishi. Mwache akavue."

Sababu Idarus aliijua vizuri. Siku ya kwanza, kabla ya kugawa karatasi, aliwaambia vijana wajikoseshe, ili mbele ya safari waonekane wamepaa. Vijana walicheka, wakakosa kwa bidii. Hamidi peke yake alikataa, na tangu hapo Idarus hakutaka hata kumwona.

"Shemeji, niseme?" Hamidi aliuliza, macho makavu.

"Sema! Nani atakuamini? Famau, siku ile niliwaambia nini?"

Famau, ambaye chuo alikwisha kukinusa, alitazama kucha za miguu yake. "Ulisema bismillahi, Maalimu."

"Umesikia? Hasidi wee!"

"Mwongo mkubwa! Hata haya huna!"

"Toka nyumbani kwangu!"

Bwana Mahmoud alishika kalamu alikate jina la Hamidi. Idarus akaona mambo yamemnyookea, na kwa kuwa hakujua kunyamaza, akaongeza, "Wallahi, kama yuko aliyenisikia nikisema vingine, na ajitokeze!"

Pazia la mlango wa ndani likafunguka. Akatoka Arafa, mkewe, na birika la kahawa. Kila somo yeye alikuwa nyuma ya pazia hilo akisuka mkeka, na Idarus alikuwa amemsahau kama alivyolisahau pazia lenyewe.

"Karibu kahawa, Bwana Mahmoud." Kisha akamgeukia mumewe, Kibajuni kikimtoka. "Mchu mzima unaapa! 'Andikeni jina tu sawa, mengine yote vurugeni, nitawapandisha mimi.' Hukusema? Na usiku ukaja kunichekea, ati ndugu yangu bwege, hata kukosa hajui!"

Idarus alimnyang'anya birika, akaanza kummiminia mkaguzi kahawa. 

"Maalimu," alisema Bwana Mahmoud, kalamu bado iko juu ya karatasi, "nakusikiliza."