Togwa Isiyo na Sukari

Mwalimu Atupele aligundua kosa lake akiwa ubaoni, chaki mkononi, mbele ya kidato cha tatu.

"Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi," alikuwa akieleza. "Ukiwa mrefu hivyo, ulimi hausikii utamu. Kimeng'enya kikiukatakata, inabaki sukari. Mbegu inayochipua ina kimeng'enya hicho kwa wingi, maana mche unataka kula."

Akatafuta mfano wa karibu. Uliomjia ni kimea cha ulezi, ulezi uliochipuzwa, ukakaushwa na kusagwa, na hapohapo akaiona akilini sufuria ya togwa jikoni kwake. Chaki ikamkatikia mkononi.

Mama mkwe wake, Ketrina, alikuwa na kisukari. Tangu aletwe Tunduma kutoka Mbozi kuuguzwa, Atupele ndiye aliyepiga marufuku soda na chai ya sukari. Mama alipoomba togwa, Atupele alipika uji wa mahindi, akauacha hadi ukawa vuguvugu, akakorogea kimea, akaufunika, kama alivyofundishwa na mama huyohuyo alipoolewa.

"Kunywa tu, mama. Sijatia sukari hata chembe."

Mama alikunywa wiki nzima. Jana akaanguka uani, na hospitali wakasema sukari imepanda kupita kipimo cha mashine yao.

Kengele ilipolia, Atupele alikwenda moja kwa moja wodini. Alimkuta mumewe, Ezron, akimfokea dada yake Nesta, muuza vinywaji wa pale mpakani.

"Unamletea soda kwa siri! Nani mwingine ana makreti?"

"Kaka, sijampa hata funda. Muulize wifi, si ndiye anayetupimia hata chumvi?"

"Mwalimu mwache. Toka! Usikanyage hapa mpaka mama apone."

Nesta akamtazama Atupele, akingoja. Atupele akatazama dripu. Nesta akajifunga khanga yake vizuri, akatoka bila kuaga.

Atupele angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimshuku, na mume alikwisha kumpata mkosaji.

"Ezron," alisema. "Si soda. Ni togwa yangu."

"Togwa haina sukari. Ulisema mwenyewe."

"Kimea kinageuza uji kuwa sukari. Nafundisha hivyo kila mwaka."

Kitandani, mama alifumbua macho.

"Niliusikia utamu," alisema kwa sauti nyembamba. "Kikombe cha kwanza tu, niliusikia. Nikajiambia, aah, mwalimu kasema haina."

Atupele alitaka alaumiwe. Mama hakulaumu.

"Mimi nitamrudisha Nesta," Ezron alisema.

"Wewe kaa," mama akamwambia. "Aende yeye."

Nesta alikuwa ameshafika getini, mkono juu, akisimamisha bajaji.

"Wifi!" Atupele aliita.

Nesta alisikia, bega lake lilishtuka. Hakugeuka. Atupele akaita tena.