Kimo cha Tembo wa Shambani kwa Abubakari

Mwalimu Stefano, mkuu wa shule, aliiweka karatasi ya jaribio mezani kwa Mwalimu Letisia, akaigongagonga kwa kidole.

"Hii ndiyo hisabati?"

Hapakuwa na jibu hata moja. Ukurasa mzima ulijaa tembo: tembo aliyekunja mkonga, tembo aliyegeuza kisogo, mtoto wa tembo aliyejibanza chini ya tumbo la mama yake. Juu kabisa, kwa mwandiko wa kujikaza, paliandikwa: Joha Abubakari, Darasa la Nne.

"Mtihani wa taifa hauko mbali," alisema Stefano. "Wakaririshe jedwali la kuzidisha asubuhi na jioni. Na huyu binti, muite mzazi wake."

"Jedwali wanalo tangu darasa la pili, mwalimu. Wanaliimba kama kwaya. Lakini ukimuuliza mmoja saba mara nane ni ngapi, anaanza wimbo tangu mwanzo."

Stefano alitaka kucheka, akajizuia. "Sasa unataka nini?"

"Nipe hadi jaribio lijalo. Nikishindwa, nitafanya kama ulivyosema."

Letisia alikuwa amehamia shule ile, nje kidogo ya mji wa Mikumi, mwanzoni mwa mwaka, akitokea milima ya Kilosa. Watu wa kwao walisema akishika jambo haliachi mpaka liseme. Lakini darasa lile lilikuwa limemchosha. Kipindi cha hisabati kikifika, vichwa viliinama kama mchicha uliokosa maji, na macho yote yakahamia dirishani.

Siku hiyo aliingia darasani na karatasi ya Joha mkononi. Mtoto alipoiona alijikunyata, akingojea fimbo.

"Huyu tembo ulimwona wapi?" aliuliza Letisia.

"Shambani kwetu, mwalimu. Jana alfajiri. Kala mahindi."

"Alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Mkubwa kama nyumba."

"Muongo!" Petro aliruka kutoka dawati la nyuma. "Tembo hawezi kufika kwenye paa. Ni kama fuso!"

"Fuso tupu au lenye mzigo?" aliuliza Yusta, mdogo kuliko wote darasani, na hapo darasa zima likalipuka. Kila mtu alikuwa na tembo wake. Letisia aliweka chaki chini akawatazama. Tangu ahamie pale hakuwahi kuwaona watoto wale wakisimama juu ya madawati kwa ajili ya kujua kitu ni kikubwa kiasi gani.

"Mnabishana," alisema walipotulia, "lakini hakuna anayejua. Basi tutapima."

"Tumpime tembo?"

"Tumpime tembo."

Alipolisema hilo hakuwa na habari atalifanyaje. Jioni alimwendea Lupakisyo, askari wa wanyamapori aliyepanga chumba jirani na chake. Lupakisyo alicheka, kisha akamweleza kwamba tembo hapimwi yeye, hupimwa wayo wake. Ukichukua mzingo wa wayo ukauzidisha kwa mbili, unapata kimo chake kutoka chini hadi begani. Si kamili, lakini hukaribia. Kesho yake alfajiri alikwenda kuhakikisha kwamba tembo wamesharudi ndani ya hifadhi, akawasindikiza watoto hadi shambani, kisha akaenda zake doria.

Abubakari, baba yake Joha, aliwakuta pembeni mwa shamba. Alikuwa ameshika jembe, na nyuma yake mahindi yalikuwa yamelala chini kana kwamba mtu amepitisha gogo juu yake.

"Shikamoo, Baba Joha," alisema Letisia.

"Marahaba." Hakumtazama. "Mwalimu, mimi nimeliwa chakula cha watoto wangu, na wewe unaniletea shule nzima ije kuuchezea msiba wangu?"

Joha aliinamisha kichwa. Letisia aliona aibu ikimpanda usoni, kwa sababu kweli hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amefikiria somo tu.

"Nisamehe, Baba Joha. Ningepaswa kuja peke yangu kwanza. Tupe kazi. Kupima kutangoja."

Akapandisha mikono ya blauzi yake, akainama. Watoto nao wakainama. Mabua yaliyoinama bila kuvunjika waliyasimamisha na kuyapalilia udongo, na mahindi yaliyosalimika wakayaokota na kuyarundika kivulini. Jua lilipoanza kuchoma, Abubakari aliegemea jembe lake.

"Haya, pimeni. Lakini kabla ya magharibi, maana hapo nitakuwa nimelima kote palipoharibiwa nipande kunde. Nyayo zote nitazifukia."

Kwa futi ya fundi cherehani walizunguka nyayo zilizozama kwenye udongo laini. Kundi la Petro lilipata sentimita mia moja ishirini na sita. Kundi la Yusta likapata mia moja na tisa. Waliporudi darasani na kuzidisha kwa mbili, ugomvi ukaanza upya.

"Tembo alikuwa mmoja," alisema Joha. "Nilimwona. Tembo mmoja hawezi kuwa na vimo viwili."

"Tuchukue ya katikati," alisema Petro.

Letisia alishawishika. Kengele ilikuwa karibu, simu ya Lupakisyo haikupatikana huko porini, na jibu la katikati lingempendeza kila mtu. Angeweza kuliandika ubaoni na siku ikaisha.

"Hapana," alisema. "Jibu halichukuliwi kwa sababu limekaa katikati. Tumekosea mahali. Tunarudi."

Alasiri alirudi na viongozi wa makundi pamoja na Joha, mwendo wa haraka, vumbi likiwafuata. Abubakari alikuwa ameshalima nusu ya palipoharibiwa. Alipowaona alitikisa kichwa, lakini akahamia upande wa pili akawaachia kipande kile.

Walipima upya. Mia moja ishirini na sita. Mia moja na tisa. Petro alikaa chini kwa kukata tamaa. Joha hakupima. Alichuchumaa akawa anapitisha kidole kwenye kingo za nyayo, moja baada ya nyingine, kama anayezichora.

"Mwalimu, hizi si sawa. Hii ni ya duara kama sinia. Ile ya Yusta imerefuka kama yai."

"Kwa nini?"

Joha alifikiri. "Moja ni ya mguu wa mbele, nyingine ya nyuma."

"Na sisi tunataka ipi?"

Joha alizitazama tena nyayo zote mbili. Jembe la Abubakari lilikuwa limesimama, alikuwa akisikiliza.

"Tunatafuta kimo cha begani," alisema Joha polepole. "Bega liko juu ya mguu wa mbele. Basi ni hii ya sinia. Mara mbili..." Alifumba macho. Hakuanza wimbo. "Mia mbili hamsini na mbili!"

Jioni ile Lupakisyo alithibitisha: wayo wa mbele, ndiyo. Alikuwa amesahau kusema, na Letisia alikuwa amesahau kuuliza.

Asubuhi iliyofuata Letisia alipiga mstari wa chaki kwenye ukuta wa nje wa darasa, na Joha, amesimama juu ya meza, akamchora tembo mzima, bega lake likigusa mstari. Shule yote ilikusanyika. Stefano akaja mbio.

"Nani kachafua ukuta?"

"Si uchafu, mwalimu mkuu," alijibu Yusta. "Ni mita mbili na sentimita hamsini na mbili."

Stefano aliukagua mstari wa chaki. Kisha akajisogeza taratibu, akasimama kando ya tembo, mgongo ukutani.

"Na mimi ananizidi kiasi gani?"

Walimpima. Mia moja sitini na nane. Wakatoa, wakapata themanini na nne, na Petro akapiga kelele kwamba hiyo ni nusu ya mwalimu mkuu, kwa hiyo tembo ni mwalimu mkuu mmoja na nusu. Stefano alicheka mpaka akafuta machozi. Hata hivyo, akiondoka alimwambia Letisia, "Jedwali liko palepale."

"Liko palepale," alikubali Letisia.

Jaribio lililofuata halikuleta maajabu. Wengi walipanda, Joha akavuka nusu, lakini wapo waliobaki chini kabisa. Letisia aliwahamishia hao mbele, akaanza kuwaza tena.

Alikuwa bado anawaza pale Abubakari alipobisha hodi darasani, kofia mkononi. Alitaka kuzungushia shamba kamba za katani zilizopakwa pilipili na oili chafu, maana tembo hawapendi harufu hiyo. Kamba angeifuata Kimamba, kwenye mashamba ya mkonge.

"Sitaki kwenda mara mbili," alisema. "Hawa watoto wanaweza kunijulisha urefu wa kamba inayotosha? Shamba si la duara, lakini."

"Wala si mraba, baba," alisema mmoja wa wale waliohamishiwa mbele, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono. "Mimi nililiona. Lina pembe tano."

Letisia alichukua futi. Watoto walikuwa wameshafika mlangoni.