Ndani ya Ukumbi wa Ghorofa ya Nne

"Kaka Zablon, nashuka," Halfani alisema, na badala ya kushuka akakaa juu ya ubao wa jukwaa la ujenzi, nje ya ghorofa ya nne.

Zablon alikuwa ameshikilia kioo. Alikitua kwenye fremu yake, akakikaza kwa vibano, ndipo akageuka. Jua la Oktoba lilikuwa likiwachoma mgongoni tangu asubuhi, mabomba ya jukwaa hayashikiki kwa mkono mtupu, lakini uso wa mwenzake ulikuwa mkavu kabisa, bila tone la jasho. Hilo ndilo lililomtisha.

"Halfani! Unanisikia?"

"Mwambie Hamida achote maji."

Hamida, mke wa Halfani, alikuwa nyumbani Kondoa, mbali na hapo.

Kiangazi chote walikuwa wakifunga vioo hivi kwenye jengo jipya la ofisi nje kidogo ya Dodoma. Vilikuwa na umeme ndani yake. Jua likizidi, vyenyewe vinajitia giza na joto linabaki nje. Mafundi nao walibaki huko huko nje. Ukumbi wa mikutano ulishakamilika, zulia limetandikwa, na walikuwa wameonywa wasiukanyage.

Zablon hakuwa kijana tena. Mgongo ulimuuma hata akiwa amelala. Hata hivyo alijitwika Halfani begani, akapita kwenye uwazi wa dirisha ambalo halijafungwa kioo, akaenda naye hadi ukumbini na kumlaza juu ya zulia jeupe.

Ubaridi ulimpokea Zablon kama asubuhi za Mlali, kijijini kwao. Vioo vilikuwa vimegeuka bluu nzito. Alikuwa ameviinua kimoja kimoja kwa mikono yake, na hakuwahi kuviona kwa upande huu. Alimfungua Halfani shati, akachukua dumu lao la maji pale dirishani, akammwagia, akaanza kumpepea kwa kipande cha boksi.

"Mzee Zablon!" Injinia Anitha, msimamizi wao, alikuwa mlangoni. "Mnafanya nini humu? Wageni wa kukagua jengo wako getini!"

"Amezidiwa na joto, Injinia. Haongei sawasawa."

"Mpeleke kivulini kule chini. Zulia, mzee wangu! Angalia matope hayo!"

"Chini hakuna kivuli, ni banda la mabati tu, linawaka moto. Simtoi."

"Unasemaje?"

"Simtoi." Sauti yake haikupanda, hakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Ita gari la wagonjwa. Wageni wakija watatukuta."

Anitha alimtazama Halfani, midomo iliyopasuka, macho yaliyogeuka juu. Akatoka. Aliporudi, simu ilikuwa sikioni na chupa mbili za maji baridi mkononi. Alizilaza karibu na goti la Zablon.

"Gari linakuja mlango wa nyuma," alisema, akitazama pembeni. "Na wewe, mzee, kesho usije. Mimi nitajibu nini kwa wakubwa?"

"Nimesikia."

Zablon aliweka chupa moja kwapani mwa Halfani, nyingine shingoni. Akaendelea kupepea. Baada ya muda Halfani alifumbua macho.

"Tuko wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya vioo tulivyofunga," Zablon alisema, akatazama nje. Mbali kwenye uwanda, kisulisuli cha vumbi kilikuwa kikizunguka kati ya vichaka, rangi ya bluu kwa sababu ya vioo, bila sauti yoyote, kikija upande wao taratibu.