Machozi Yaliyotoka Nje ya Nyumba

Elpidius alikuwa amepiga magoti kwenye majani niliyotandaza sebuleni, analia. Mwanaume mzima, mwenye ng'ombe wake, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Na mimi, babu wa mkewe, nilikuwa nafurahi moyoni. Msinishangae. Machozi ya namna ile ndiyo yanayorudisha mwanamke kwake.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Umutesi ni mjukuu wangu, nimemlea mwenyewe hapa Nyakatuntu toka mama yake alipofariki. Akaolewa Nyakakika. Basi ukaingia wivu wa simu: kila ikilia, mume anauliza, nani huyo? Siku moja akaibamiza kwenye jiwe. Kumbe aliyekuwa anapiga ni Liliane, dada yake Umutesi, yuko Mwanza huko. Binti akafunga kitenge, akarudi kwangu.

Sasa kwetu mume akikosa, anamfuata mke akiwa na wazee wake na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Anasema kosa lake lote, tunakunywa, na yaliyosemwa yanabaki mle ndani. Elpidius alifuata yote, na juu yake akaleta simu mpya.

"Babu, nilikuwa naogopa ataniacha," alisema. "Hata nikilala naogopa."

Polikarpi, baba yake mdogo, akakohoa. "Inatosha, bwana, tubakizie ya msibani."

Tukacheka. Tukapatana mume aje kumchukua Jumapili.

Hatukujua kwamba Umutesi, nyuma ya pazia, anamrekodi kwa simu ileile mpya. Akamtumia Liliane, aone anavyopendwa. Liliane naye kwa furaha akaitupa kwenye grupu la ukoo. Na grupu la ukoo, nani anajua limeishia wapi! Jumamosi, mnadani, vijana wakamzunguka Elpidius katikati ya ng'ombe: "Shemeji, lia kidogo tuone! Hata nikilala naogopaaa!"

Jumapili hakuja. Alikuja siku nyingine, peke yake, akasimama mlangoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ingia ukae."

"Nilipiga magoti mbele yako, babu. Sikupiga mbele ya mnada."

Umutesi akatoka jikoni, mikono ina unga. "Nilifurahi, Elpidi. Nilifurahi tu."

"Najua," akasema, akaondoka. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikawaza sana. Mume akikosa, njia ipo. Mke akikosa je? Sijawahi kuona upande wa mke ukibeba pombe kumfuata mume. Watu watasema unamtembeza binti. Nikampigia Polikarpi. "Mzee mwenzangu," akasema, "usijidhalilishe."

Nikajidhalilisha. Nikajaza kibuyu, nikapanda bodaboda mpaka Nyakakika, na mgongo huu. Elpidius alinipokea kwa heshima zote. Akanipa maziwa, akaniuliza habari za migomba, akanisindikiza mpaka barabarani. Jina la Umutesi hakulitaja. Kibuyu hakukigusa.

Niliporudi, Umutesi alikuwa ananisubiri kwenye njia ya shamba. Alinipokea kibuyu, mkono ukashuka kwa uzito, akasimama hivyo, anaangalia chini.

"Ingia ndani, babu," akasema. "Nimekuchemshia maji ya kuoga."