Makande ya Mchana wa Ramadhani

Mama mkwe wangu alifariki Jumatano ya kwanza ya Shaabani, mwaka huu wa 1954, saa nne asubuhi. Aliacha siku nne za Ramadhani iliyopita ambazo hakuwahi kuzilipa. Kila mwaka aliziahirisha mpaka Shaabani. "Siku hazikimbii," alikuwa akisema. Nyumba nzima, mimi peke yangu nilijua habari hiyo, na niliijua kwa sababu ya makande.

Nilikuja Same mwaka 1951 kuolewa na Amiri, karani wa bomani. Kwetu ni Suji, mlimani, na sisi ni Wakristo. Baba yangu, Mzee Eliufoo, aliponiaga alisema ningerudi kabla mahindi hayajakauka. Nilisilimu, lakini majirani wa Same nao walikuwa wakisubiri. Wangeniona natafuna mchana wa Ramadhani, habari ingemfikia baba mkwe kabla sijameza, nami ningerudishwa Suji na sanduku langu.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alinifundisha saumu wiki nzima: nia, daku, mambo yanayofunguza. Alipofika kwenye mambo ya wanawake akakohoa, akafunua kurasa mbili kwa pamoja, akaendelea na zaka. Nikaamini hapakuwa na neno.

Kwa hiyo siku ya tisa ya Ramadhani yangu ya kwanza, hedhi iliponijia, niliendelea kufunga. Ya kumi vilevile. Ya kumi na moja tumbo lilinikata mpaka nikaona nyota adhuhuri. Wanaume walikuwa msikitini. Nikaingia stoo, nikafuata harufu ya makande hadi nyuma ya magunia ya mahindi, nikapeleka mkono gizani.

Nikashika mkono wa mtu.

Alikuwa mama mkwe, amekaa chini, sufuria mapajani, shavu limejaa.

"Mama, nisamehe! Usimwambie baba. Usinirudishe Suji."

"Sauti!" Akameza kwanza. "Umefuata nini humu?"

"Njaa. Nimefunga siku mbili, na niko katika siku zangu, leo nimeshindwa."

"Umefunga ukiwa na hedhi? Nani kakutuma?"

"Mwalimu hakunikataza."

"Huyo akifika hapo hukohoa. Mimi alinikoholea baba yake." Akanisogezea sufuria. "Kula, Dina. Sisi tukiwa hivi hatufungi wala hatuswali. Ni haramu, si kwamba tumeonewa huruma tu. Saumu utazilipa baadaye. Sala hulipi."

"Na hizo mbili nilizofunga?"

"Hazihesabiki."

"Njaa yote ile, mama?"

"Njaa yote ile."

Nikachota makande, machozi yananitoka. "Sasa kama ni sheria ya Mungu, mbona unajificha?"

"Mungu simfichi. Namficha baba mkwe wako. Akijua ataanza kunihesabia siku kama ng'ombe."

Mlango ukasukumwa kidogo. Alikuwa Amiri, katoka msikitini.

"Mama? Nasikia kitu humo. Ni panya?"

"Wawili," akajibu mama mkwe kutoka gizani. "Wakubwa."

"Nilete mtego?"

"Umefunga, mwanangu, usijichoshe. Nimeshawashika."

Tangu hapo kila Ramadhani aliyetangulia kuingia stoo alimwachia mwenzake kijiko juu ya gunia. Mimi nililipa zangu Idi ikiisha tu, kwa kuogopa kusahau. Yeye alinicheka, akaziweka mpaka Shaabani.

Walipotoka kuzika nilimweleza Amiri habari ya stoo na zile siku nne.

"Kwa hiyo wale panya…"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akafunika uso kwa kanzu, na hakuufunua upesi.

Kesho yake alikwenda kwa mwalimu. Mwalimu akakohoa, lakini safari hii akajibu: mtoto anaweza kumfungia mamake saumu, au mtu mwingine kwa idhini ya mtoto, au kila siku itolewe kibaba cha chakula apewe maskini. Amiri akaniuliza kama nataka, nikasema nataka.

Tumegawana mbili mbili. Yeye alimaliza zake jana. Leo nafunga mimi.