Abiria wa Bawa la Kushoto

Siku ya Jumanne, mwezi wa Machi mwaka 1951, Anyisile wa Njisi alifika katika kiwanja cha ndege cha Kyela akiwa amebeba chungu cha Ikombe chenye ndizi zilizopikwa. Mumewe, Ipyana, alikuwa amelazwa Songea. Gari la mizigo lilimponda mguu, na sumu ilikuwa ikipanda. Daktari alitaka kuukata mguu upesi. Ipyana alikataa kukatwa kabla hajamwona baba yake na mkewe.

Kwa barabara, katika masika yale, safari ingemaliza juma zima. Kwa ndege ilikuwa maili mia moja na arobaini, mwendo wa saa moja na robo, nayo ndege ilikuja mara moja kwa juma.

Nyuma ndani ya ndege, mahali pa mizigo, palikuwa na benchi la Waafrika. Mzee Ambilikile, babaye Ipyana, alikuwa amekwisha kuketi hapo. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe wala hakai naye chumba kimoja. Anyisile akajifunika kanga usoni, akasimama nje.

"Panda, dada," alisema Enoki, karani wa kiwanja.

"Yumo mkwe wangu."

Enoki, naye Mnyakyusa, hakuuliza zaidi. Alimgeukia rubani. "Bwana, mbele kuna viti vinne vitupu, na pazia liko katikati. Pazia linatosha."

"Viti vile ni vya Wazungu."

"Leo hakuna Mzungu."

"Huenda akatokea."

"Atapandia wapi?" sauti ya mzee ilitoka ndani. "Mawinguni?"

Rubani aliingia, akawasha injini.

Ndipo Anyisile akapanda juu ya bawa la kushoto, akaketi, akakiweka chungu mapajani. Rubani alichungulia dirishani, akamwomba asogee karibu zaidi na dirisha ili ndege isilalie upande. Akasogea. Ndege ikaruka.

Mzee Ambilikile alitazama kulia safari nzima, kama adabu ilivyotaka. Anyisile aliiona Ikombe chini, vyungu vimeanikwa mchangani na wanawake wakipunga mikono. Naye akapunga mmoja, kwa kuwa wa pili ulishika chungu. Juu ya milima ya Livingstone wingu lilimlowesha. Walitua baada ya saa moja na robo, kama kawaida.

Hospitalini mzee aliingia kwanza, akatokea mlango wa nyuma. Kisha Anyisile akaingia kwa mlango wa mbele.

"Umelowa," alisema Ipyana.

"Nilikaa nje."

"Na ndizi?"

"Nilizifunika."

Ipyana alikula mbili, akamwambia daktari aendelee na kazi yake. Mguu ulikatwa jioni ile, na mwenyewe akapona. Nyumba yao ilimshukuru Mungu, ikamshukuru daktari na Enoki pia, wala haikukosea kushukuru, maana juma moja zaidi lingemzika Ipyana.

Siku ya kurudi, rubani alikuwa amemtandikia Anyisile gunia juu ya bawa.

"Ndaga fijo, bwana. Asante sana," alisema Anyisile kwa moyo wake wote, akaketi.

Ipyana alilazwa sakafuni, miguuni pa baba yake, kwa sababu benchi halikumtosha. Mbele ya pazia, viti vinne vitupu vilikuwa vimepanguswa vumbi.