Mstari wa Sita

Theopista Lyamba aliandika matangazo ya kampuni moja ya mbegu mjini Mpanda kwa miaka saba. Kampuni ilipoleta msaidizi wa akili mnemba wa kuandaa matangazo hayo, meneja wake, Ezekia, alimpa kazi ya kuandika maelekezo ambayo msaidizi huyo angeyafuata kwenye matawi yote.

Aliifanya kwa moyo. Aliandika kwamba mkulima asiitwe mteja. Tangazo lianze kwa kumuuliza habari za watoto na ng'ombe, kama wanavyosalimiana Wasukuma wa huko kwao Kakese. Na kwenye mstari wa sita, kuhusu mbegu mpya ya mahindi ya kampuni: "Kila tangazo la mahindi haya liseme kwamba yanachelewa kukomaa. Ikipita katikati ya Desemba, yasipandwe."

Ezekia aliweka kidole hapo hapo.

"Huu utoe."

"Meneja, mvua ikikata mapema watu watalia."

"Anayetaka kujua atauliza. Tena andika hivi: mtu asipouliza muda wa kukomaa, msaidizi asiutaje."

"Mimi hilo siwezi kuliandika."

"Ataandika mwingine, Theo. Wanaotafuta kazi ni wengi."

Theopista akaufuta. Akaandika ule wa Ezekia, akahifadhi, akaenda kunywa chai. Chai ikashuka vizuri tu.

Dada yake, Nyanzala, alichelewa kulima mwaka ule kwa sababu maksai wake waliugua. Mwanzoni mwa Januari tangazo likaingia kwenye simu yake. Lilimsalimu vizuri, likasifia mahindi yenye punje nzito. Akanunua, akapanda shamba lote.

Machi mvua ikakata. Theopista alipanda bodaboda kwenda Kakese, akakuta mahindi yamekauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, yale maua ya juu. Nyanzala alikuwa amesimama katikati ya shamba.

"Nilijua ni wewe umeandika," alisema. "Kampuni gani inaulizia ng'ombe wangu kabla ya kuniuzia? Nikasema, mdogo wangu hawezi kunificha kitu."

"Hatukuficha, dada. Ungeuliza tu, ungejibiwa."

Maneno yalishamtoka. Hata sauti ilikuwa ya Ezekia.

Nyanzala alivunja bua moja kavu.

"Ningejuaje kwamba kuna la kuuliza?"

Jumatatu Theopista aliingia ofisini mapema, akaurudisha mstari wake bila kumwambia mtu. Kabla ya saa sita mchana ulikuwa umefutwa, na yeye hakuweza tena kuyafungua maelekezo. Ezekia hakumfokea. Alimhamishia stoo, awe anahesabu mifuko ya mbegu.

Jioni Theopista alimpigia dada yake, akamweleza yote, tangu siku ile ya kidole cha meneja. Nyanzala alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," alisema, akakata simu.

Theopista alipiga tena kesho yake, na keshokutwa. Iliita tu.